Kabati la Vitabu na Siku ya Posho

Katika miji ya Katanga siku hizi huuzwa makabati ya vitabu yaliyolazwa ndani ya katoni. Mtu hununua katoni yake Lubumbashi au Kolwezi, huifunga juu ya lori au huiingiza katika behewa treni inapopatikana, na akifika Bukama huipakia juu ya baisikeli mpaka nyumbani. Huko huifungua, na kabati huliunga kwa mikono yake mwenyewe. Vijana kadhaa wa parokia walituuliza: je, ni haki kumwacha seremala aliye jirani na kununua kabati la namna hiyo? Wengine waliosikia swali walicheka, wakisema hilo ni jambo la bei tu, halina dhambi wala thawabu. Sisi hatukucheka. Mambo ya bei hutuonyesha upesi ni nani tunamhesabu kuwa mtu, na ni nani tunampita kama mti wa njiani.

Kwanza tueleze kitu chenyewe, maana si wasomaji wote waliokiona. Katoni ni nyembamba na nzito. Ndani yake mna mbao sita au saba zilizofunikwa kwa karatasi yenye sura ya mti, mfuko mdogo wa skurubu na vijiti vya kuchomeka, ufunguo mdogo uliopindika, na karatasi ya picha isiyo na neno hata moja. Picha hizo zimechorwa ili Mchina, Mreno na mtu wa Bukama wazielewe sawasawa, au wote watatu wasizielewe sawasawa.

Akili hii si ya jana. Mwaka 1859 Michael Thonet, fundi wa viti wa Vienna, alitoa kiti cha miti iliyopindwa kwa mvuke, cha vipande vichache vya kuungwa kwa skurubu. Viti 36 vilivyofunguliwa viliingia katika sanduku moja la meta moja kila upande. Katika nchi ya Uswidi, Ingvar Kamprad alianzisha biashara ya IKEA mwaka 1943, angali kijana wa miaka 17. Mwaka 1956 biashara hiyo ikaanza kuuza vyombo vya nyumbani vya kufunguliwa na kulazwa, na mwaka 1979 mchoraji wao Gillis Lundgren akabuni kabati la vitabu liitwalo Billy, ambalo lauzwa hata leo. Duka lao halipo Kongo, lakini akili yao imefika, kwa kuwa viwanda vingi vimeiiga. Sababu yake ni nyepesi kabisa: kabati lililosimama limejaa hewa, na hewa nayo hulipiwa nauli.

Watu wa Bukama wasidhani kwamba jambo hili ni geni kwetu. Mwaka 1915, wakati wa vita vya kwanza vya dunia, Waingereza walipitisha hapa mashua mbili za vita, Mimi na Toutou. Walizileta nzima nzima kutoka kusini: kwa reli mpaka Fungurume, halafu wakazivuta kwa mitambo ya mvuke, kwa maksai na kwa mamia ya watu, wakaivuka milima ya Mitumba mpaka Sankisia, kisha reli tena mpaka Bukama. Hapa zikatiwa katika Lualaba, zikateremka kuelekea Kabalo, na mwisho zikafika Ziwa Tanganyika. Wajerumani wa upande wa pili wa ziwa walikuwa wamefanya namna nyingine. Meli yao, Graf von Götzen, ilijengwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa kwa bahari na kwa reli mpaka Kigoma, ikaungwa tena huko. Wazee wa Kalemie na Kigoma waijua kwa jina lake la baadaye, Liemba. Basi, hapo twaona njia zote mbili: chombo kizima na chombo cha vipande. Tena twaona jambo moja ambalo vitabu vya vita hulipita haraka. Maafisa wametajwa kwa majina. Waliovuta kamba na kubeba masanduku, mara chache sana.

Turudi kwenye kabati. Kwa nini la katoni ni rahisi? Sababu ya kwanza tumekwisha kuisema, ni nauli. Ya pili ni mbao zenyewe. Kwa kawaida si mbao za mti mzima, bali ni chembe za mti na unga wa mbao, vimeshindiliwa pamoja kwa gundi. Skurubu ikiingia mara ya kwanza hushika. Ikitolewa na kurudishwa, tundu limekwisha kulegea. Maji yakipata ukingo usiofunikwa, ubao huvimba kama andazi, na sisi tukaao kando ya Lualaba twajua mvua ni nini. Sababu ya tatu yatupasa tuitazame zaidi. Kazi ya mwisho, yaani kuunga, haikufanywa na mtu anayelipwa. Imeachwa kwa mnunuzi. Kazi haikupotea. Imehama kiwandani, ikaja barazani kwako, na mshahara wake haukuhama pamoja nayo. Huo si wizi, maana ulijua ukakubali, tena bei ilipunguzwa. Lakini yafaa mtu ajue kwamba amelipa mara mbili: mara moja kwa fedha ya mfukoni, na mara ya pili kwa Jumamosi yake.

Na Jumamosi ni kitu gani? Sisi Wakatanga twaiita siku ya posho. Jina hilo latoka katika makambi ya kazi. Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, na makampuni mengine ya wakati ule, yaliwapimia wafanyakazi chakula cha juma zima, na siku ya kupimiwa ikaipa Jumamosi jina lake, hata juma lenyewe likaitwa posho moja. Kwa hiyo babu zetu hawakuiona Jumamosi kuwa siku ya mapumziko. Ilikuwa siku ambayo jasho la siku zilizopita liligeuka unga. Baadaye, katika utawala wa Mobutu, ikaja salongo, kazi ya lazima ya kusafisha na kulima, na mahali pengi siku yake ilikuwa Jumamosi hiyohiyo. Twaweza kusema kwamba Jumamosi ya mtu wa kawaida haijawahi kuwa yake peke yake. Mwenye kambi aliitaka, serikali iliitaka, na sasa katoni yaitaka.

Tuiangalie hapa Bukama jinsi inavyopita. Alfajiri kuna soko: samaki waliokaushwa kwa moshi kutoka maziwa ya Upemba na Kisale, muhogo, mawese. Kuna nguo za juma zima za kufuliwa. Kuna shamba, ambalo halijui kalenda. Kwa jirani kuna kilio, na asiyekwenda kuketi matangani atakumbukwa siku ya kilio chake. Mchana kwaya hufanya mazoezi, na vijana wana mpira wao. Katikati ya hayo yote, tuseme mwalimu mmoja ameketi barazani na katoni yake, amezitandaza mbao, karatasi ya picha ameigeuza juu chini, na skurubu mbili zimebaki mkononi wala hajui zilipaswa kuingia wapi. Aita: “Mama Ilunga, njoo ushike ubao huu!” Mama aacha sufuria, ashika. Mtoto aliyekuwa akienda mtoni atumwa kutafuta skurubu iliyoanguka. Mwingine ashika taa, maana jua limekwisha kuzama. Jioni baba awaambia wageni: “Nimelitengeneza mwenyewe, kazi imekuwa ya bure.”

Hapo ndipo tunapotaka kusimama kidogo. Neno “mwenyewe” si kweli yote, na neno “bure” si kweli hata nusu. Sufuria iliungua. Mama Ilunga hana siku ya posho wala siku ya mapumziko. Saa aliyoshika ubao aliilipa usiku, akifua kwa taa. Mwalimu si mtu mbaya. Hakuiona saa ile kwa sababu haikuandikwa kwenye risiti. Wenye kupima thamani ya vitu kwa fedha tu hukosea hapa kila mara: saa ya seremala huonekana, kwa kuwa yeye huidai, saa ya mke haionekani, kwa kuwa haidai. Je, kitu kisichodaiwa hakina thamani? Kama jibu ni hapana, basi kabati la katoni halikuwa rahisi sana kama tulivyodhani. Na kama jibu ni ndiyo, na tuseme wazi mbele ya Mama Ilunga, tuone atajibu nini.

Kuna waliouliza tena: je, kama Jumamosi haikutosha, yafaa kuliunga kabati Dominika baada ya Misa? Padri wa zamani angejibu bila kufikiri kwamba skurubu ni kazi ya mikono, na kazi ya mikono imekatazwa. Ndivyo ilivyokuwa sheria ya Kanisa ya mwaka 1917. Sheria ya mwaka 1983 haisemi hivyo tena. Yauliza kama kazi yazuia ibada, kama yaondoa furaha ya siku ya Bwana, kama yanyima mwili na roho pumziko linalostahili. Kwa hiyo jibu halimo katika skurubu. Baba anayekaa na wanawe wakicheka juu ya karatasi ya picha, huenda hajaivunja Dominika. Anayewafokea kwa sababu ubao wa tatu umeingia kinyume, tunadhani ameivunja, hata kama kabati limesimama wima.

Lakini tusiwe wagumu. Furaha ya kuunga kitu ni furaha ya kweli. Mwaka 2012 wataalamu watatu wa Marekani, Michael Norton, Daniel Mochon na Dan Ariely, walitangaza majaribio yao. Watu walipewa masanduku ya kuunga wenyewe, na wakawa tayari kuyalipia bei kubwa kuliko wale waliopewa sanduku la namna ileile lililokwisha kuungwa. Tena waliona kwamba mapenzi hayo hupungua kabisa kama mtu hakuimaliza kazi, au kama kazi yake ilivunjwa baada ya kumalizika. Yeyote aliyejenga nyumba ya matofali yake mwenyewe alilijua hilo kabla ya majaribio. Papa Yohane Paulo II naye, katika barua yake Laborem Exercens ya mwaka 1981, alifundisha kwamba thamani ya kazi yatoka kwanza kwa mtu anayeifanya, si kwa kitu kinachofanywa. Basi hata kuzungusha ufunguo mdogo uliopindika kuna heshima yake. Tunachokataa ni kudhani kwamba huko ndiko kuwa fundi. Anayefuata picha ametii akili ya mtu mwingine. Seremala hushindana na mti wenyewe, na mti hauna karatasi ya picha.

Sasa tumtazame seremala huyo. Huko karakanani kwake, chini ya mabati yaliyotoboka, ana randa, msumeno, patasi, na mbao za mulombwa zilizoegemezwa ukutani zikauke. Ndugu zetu wa Tanzania huuita mti huo mninga. Kwa kuugonga tu kwa kidole ajua kama ubao umekauka au kama utapinda baada ya miezi miwili. Ana kijana anayejifunza kwake. Ukimlipa, fedha yako haiendi mbali: kesho yake iko kwa muuza samaki, keshokutwa iko shuleni, na huenda Dominika ukaiona ndani ya kikapu cha sadaka. Kabati lake likivunjika mguu, walirudisha kwake, naye aona aibu.

Hayo ni mazuri, lakini tusimpake mafuta kwa mgongo wa chupa. Seremala wetu hupokea fedha ya utangulizi, halafu husema kesho. Kesho ikifika husema mbao hazijakauka. Juma linalofuata mtoto ni mgonjwa wa malaria, na fedha ya mbao zako imenunua dawa. Ili anunue mbao zako, apokea utangulizi wa mtu mwingine, na huyo naye ataambiwa kesho. Si kwamba mafundi wote ni waongo. Wengi hawana akiba hata ya ubao mmoja, na kila kazi hubebwa na deni la kazi inayofuata. Na nani aliyewafanya hivyo? Sisi wateja tuna fungu letu. Kitanda huchukuliwa leo, nusu ya bei hulipwa baada ya miezi mitatu, nusu nyingine husahauliwa, na fundi akija kudai huambiwa kwamba ana tamaa. Ahadi ni deni, asemaye kesho na achelewaye kulipa wote wawili. Kwa hiyo mwalimu aliyekwenda Lubumbashi kununua katoni hakumkimbia seremala kwa sababu ya bei tu. Alikimbia neno “kesho.” Katoni haisemi kesho. Pia haina mtoto wa kupeleka shuleni.

Maoni yetu sisi ni haya. Hakuna amri inayomlazimisha mtu kununua kwa jirani kwa bei yoyote ile na kwa kungoja bila mwisho. Lakini jirani ana haki ya kuulizwa kwanza, kwa bei ya kweli na kwa siku iliyowekwa, na akitimiza neno lake alipwe siku hiyohiyo. Akiulizwa akashindwa, mnunuzi yu huru, wala asisumbuliwe katika dhamiri yake. Tunaowalaumu ni wale wanaopita mbele ya karakana bila hata kusalimu, kisha waketi wakilalamika kwamba vijana wa Bukama hawana kazi.

Na vitabu? Tumesema mengi juu ya kabati, tukasahau ni la kuwekea nini. Nyumbani kwa wengi kuna Biblia, kitabu cha nyimbo, kamusi iliyotoka jalada, madaftari ya watoto, pengine kitabu kimoja cha sheria au cha uuguzi. Vyote vyaenea katika rafu moja. Rafu nyingine nne hujazwa sahani za wageni, maua ya plastiki na picha ya harusi. Wenye kudhihaki husema kwamba hilo ni kabati la majivuno. Sisi hatuna haraka ya kuhukumu hivyo. Rafu tupu yaweza kuwa majivuno. Yaweza pia kuwa nafasi ambayo baba amewaachia watoto wake. Tofauti haionekani kwa macho siku kabati linaposimamishwa. Huonekana baada ya miaka.

Tena katika nchi hii kulikuwa na kitabu kabla ya karatasi. Waluba walikuwa na lukasa: ubao wa kushika mkononi, umepachikwa shanga na makombe. Wenye kuusoma walikuwa watu wa chama cha Mbudye, na walio stadi kati yao waliitwa bana balute, watu wa kumbukumbu. Kidole kilipita juu ya shanga, na mdomo ukataja wafalme, safari, mahali patakatifu na asili ya utawala. Haikutosha kuwa na ubao. Ilimpasa mtu afundishwe miaka mingi, tena msomaji mmoja na mwenziwe hawakusimulia sawasawa, maana kila mmoja aliuelekeza usomaji wake kwa watu waliokuwa mbele yake. Leo lukasa moja imo katika makumbusho ya Brooklyn, huko New York, imewekwa kwa heshima. Atazamaye aona shanga, aona makombe, asifu ufundi, aenda zake. Ubao ni mzima. Aliyekosekana ni mtu mwenye kidole.

Twawaomba wasomaji wafikiri juu ya hilo watakapobishana tena kama kabati la mulombwa lapita la unga wa mbao. La mulombwa litadumu zaidi, hilo halina ubishi, wala mchwa hautakuwa na haraka nalo. Lakini Biblia iliyomo ndani yake yaweza kulala miaka ishirini bila kufunguliwa, wakati jirani mwenye ubao uliolazwa juu ya matofali mawili asomea watoto wake kila siku ya posho, jua likishuka, kazi zikipungua, na Mama Ilunga ameketi kwa mara ya kwanza tangu alfajiri.

Jambo moja limebaki, ni la ufundi tu. Watu wengi wa Bukama ni watu wa kuhama: walimu, wauguzi, watu wa reli. Hao hupenda katoni kwa sababu yabebeka. Kumbe mafundi wetu wana akili hiyo tangu zamani. Kitanda cha seremala wa hapa hufunguliwa: mbao mbili za ubavu, kichwa na miguu, boliti nne, na chote chapanda juu ya baisikeli. Kabati la vitabu laweza kufanywa vivyo hivyo, kwa mulombwa, kwa boliti zilezile, na likifunguliwa mara kumi matundu yake hayalegei. Tumemwuliza fundi mmoja kama ataliweza. Alicheka, akauliza lina rafu ngapi, na vitabu ni vya urefu gani.